Procreate kwa kitabu cha watoto cha Kiayalandi: mkono wa kuchora, si wa kuandika

Procreate, programu ya kuchorea kwenye iPad, inaweza kuchora kitabu kizima cha watoto, kuanzia jalada hadi ukurasa wa 32, lakini usiandike ndani yake hata neno moja litakalochapishwa. Anayetaka hukumu ya haraka aichukue hiyo aende zake. Yanayofuata ni ya mchoraji wa Unguja au Pemba aliyepata, au anayetafuta, kazi ya mchapishaji wa Kiayalandi, lugha ambayo wenyewe huiita Gaeilge, na anajiuliza kama iPad yenye programu hii inatosha au bado anahitaji meza, karatasi na skana.

Tuanze na pesa. Programu hutengenezwa Tasmania, Australia, na kampuni ya Savage Interactive. Iko sokoni tangu 2011 na hulipiwa mara moja tu, dola 12.99 kwa bei ya Marekani, bila ada ya mwezi. Hilo si dogo. Malipo ya kitabu cha picha kwa kawaida huja kwa mafungu: la kusaini mkataba, la rasimu, la kazi kamili, na baina ya fungu na fungu miezi hupita kavu. Programu zinazodai kila mwezi hukukuta mkono mtupu. Hii ukishailipia ni yako, ilimradi iPad bado inapokea matoleo mapya ya mfumo wake. Kwa Android na Windows haipo kabisa.

Mtego uko kwenye kalamu. Apple Pencil zipo za aina nne, na ile iitwayo ya USB-C, iliyotoka 2023 na yenye bei nafuu, haihisi mkandamizo: bonyeza kwa nguvu, bonyeza kwa wepesi, mstari ni ule ule. Hiyo ni kalamu ya kuandikia maelezo darasani. Mstari unaoanza mwembamba, ukanenepa tumboni mwa samaki, ukafa mkiani, hauupati. Chukua kizazi cha kwanza, cha pili, au Pro, na ujue kila moja ina wenzake. iPad ya kawaida ya kizazi cha 9 huenda na kalamu ya kwanza; ya kizazi cha 10 pia, lakini kwa kiunganishi kidogo ambacho muuzaji wa mtumba mara nyingi hana. iPad Air ya kizazi cha 4 na cha 5 huenda na kalamu ya pili. Air yenye chipu ya M2 inataka Pro. Kalamu ya pili haikubali kabisa kwenye iPad ya kizazi cha 10, hata umbembeleze vipi muuzaji wa Darajani.

Ukinunua kifaa kilichotumika, Darajani au Mlandege, kijaribu dukani. Chora mistari ya mshazari polepole sana, ukiegemeza kalamu kwenye rula. Mstari ukitetemeka kama mawimbi katika sehemu moja ya kioo, kioo hicho kina ugonjwa au kimebadilishwa. Halafu paka kioo chote rangi moja kwa brashi nene, kona hadi kona. Sehemu isiyopakika imekufa. Mwisho, hakikisha akaunti ya mwenye kifaa wa kwanza imeondolewa mbele ya macho yako, si kwa ahadi. iPad iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine ni sinia la chai.

Sasa ukurasa wenyewe. Vitabu vya picha huwa na kurasa 32 kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukitoa ukurasa wa jina na wa haki, hubaki pacha 12 hadi 14, yaani kurasa mbili zinazotazamana na kuchorwa kama picha moja. Tuseme kitabu ni mraba wa milimita 250. Pacha ni 500 kwa 250, na unaongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, jumla 506 kwa 256. Kwa nukta 300 za inchi, hiyo ni pikseli 5976 kwa 3024. Weka namba hizo tangu mwanzo. Anayeanza na ukubwa wa kioo akadhani atakuza baadaye atapata picha yenye ukungu, na mchapishaji ataikataa.

Ukubwa huo una gharama yake. Kazi huchorwa kwa matabaka, kama karatasi angavu zilizopandana. Tabaka moja lililojaa ni pikseli milioni 18, takriban MB 72 za kumbukumbu, kwa hiyo Procreate hukuwekea kikomo cha matabaka kulingana na kifaa chako. Kikomo hicho huonekana unapofungua ukurasa mpya, na baadaye ukibonyeza alama ya spana na kutazama taarifa za ukurasa. Kiangalie kabla hujapanga kazi. Kwenye iPad ya bei ya chini haifai kumpa kila mhusika matabaka sita. Mpe matatu: mstari, rangi, kivuli, na kivuli ukishikize kwenye rangi ili kisimwagike nje ya umbo. Kingine cha kukumbuka: kugonga kioo kwa vidole viwili hurudisha nyuma ulichofanya, lakini ukitoka kwenye faili historia hiyo yote hufutika. Kwa hiyo kabla ya badiliko kubwa, nakili faili. Na ule mtindo wa kurekodi video ya kazi uzime. Unakula nafasi, na hakuna mhariri aliyeuomba.

Mstari wa katikati, penye mshono, ndipo picha nyingi za wanaoanza hufia. Uso, jicho au mkono ukiukalia mshono humezwa na gundi. Weka alama ya milimita 15 kila upande wa katikati katika tabaka la juu, ulifunge, ulifute siku ya mwisho.

Kuhusu rangi, Procreate hukubali CMYK, mfumo wa wino nne za mtambo, ila lazima uchague unapofungua ukurasa. Faili la RGB, mfumo wa rangi za kioo, huwezi kuligeuza katikati ya safari. Muulize mchapishaji wasifu wa rangi anaoutaka (kwa karatasi laini ya Ulaya mara nyingi ni FOGRA39 au FOGRA51), uingize kwenye programu, kisha uanze. Ukichora kwa RGB bila kujua, kitakachokuumiza kwanza ni bahari: ile samawati ya kung'aa ya Paje saa sita mchana, wino hauwezi kuifikia. Hutoka imepoa kama kanga iliyofuliwa mara mia. Kijani cha limau na chungwa kali nazo vivyo hivyo. Na usitoe kazi ya mwisho kwa PNG, maana haibebi CMYK; toa PSD, faili la Photoshop linalotunza matabaka.

Kivuli nacho kina neno lake. Jua la Unguja husimama utosini, na mchoraji wa huku hupaka kivuli kifupi chini ya miguu bila kufikiri. Dublin iko nyuzi 53 kaskazini. Hata siku ya jua refu kuliko zote, jua halipandi zaidi ya nyuzi 60 hivi, na wakati wa baridi hutambaa tu juu ya upeo. Kwa sehemu kubwa ya mwaka vivuli vya huko ni virefu hata saa sita mchana. Ukikosea hapo, mtoto wa Galway hataweza kusema kasoro ni nini, lakini ataona kwamba mahali hapo si kwao. Kwa kivuli tumia zambarau iliyofifia yenye samawati, si kijivu. Kijivu kikizidishwa juu ya rangi nyingine katika CMYK hutoa tope. Mengine ya mandhari ni mepesi: magari hupita kushoto kama yetu, masanduku ya posta ya Jamhuri ya Ayalandi ni ya kijani, alama za tahadhari barabarani ni za njano zenye umbo la almasi. Kwenye vibao vya mahali, jina la Kiayalandi hukaa juu ya la Kiingereza, isipokuwa katika Gaeltacht, maeneo ambayo Kiayalandi ndiyo lugha ya wenyeji, ambako hubaki la Kiayalandi peke yake.

Hapa ndipo lugha inaingia kwenye sanduku la rangi. Kiayalandi hakigawi rangi kama tunavyogawa sisi. Glas ni kijani cha majani, lakini pia ni kijivu cha mnyama: capall glas ni farasi wa kijivu. Mashine ya tafsiri inaweza kukupa farasi wa kijani, na mchoraji anayeiamini atampaka kijani kweli. Kijani cha rangi ya dukani, cha kitambaa au mlango, huitwa uaine. Wekundu nao ni wawili: dearg ni wa damu na tufaha, rua ni wa nywele na manyoya, kahawia yenye moto ndani. Mbweha huitwa madra rua, mbwa wa rangi hiyo. Tengeneza paleti yenye nafasi mbili za wekundu na mbili za kijani, uzipe majina ya Kiayalandi, na mhariri akisema rua gusa ile ile kila mara.

Majina ya wanyama ni karamu ya mchoraji. Mbwamwitu ni mac tíre, mwana wa nchi. Yule mdudu mwekundu mwenye madoa ni bóín Dé, kang'ombe ka Mungu. Kiwavi cha bahari, kile cha utelezi kinachowasha, ni smugairle róin, mate ya sili. Mwandishi akicheza na maana hizo, picha isiyojua itakuwa imekaa kimya wakati matini inacheka.

Tena mtazame paka. Cat ni paka. A chat ni paka wake, mwenyewe mwanamume. A cat ni paka wake, mwenyewe mwanamke. A gcat ni paka wao. Kiswahili kinasema paka wake na hakijali mwenyewe ni nani. Tafsiri utakayopewa, kama ni ya Kiswahili, itakuficha hilo. Herufi moja kichwani mwa neno ndiyo inayokuambia umchore mvulana, msichana, au watoto wawili. Kabla ya rasimu, omba matini ya asili pamoja na tafsiri, na kwa kila "wake" muulize mhariri mwenyewe ni nani. Swali la dakika moja huokoa pacha nzima.

Sasa kwa nini maneno yasiingie kwenye Procreate. Programu ina kifaa cha kuandika, inapokea fonti kutoka nje, na kwa kadi ya Idi hakina ubaya. Tatizo ni kwamba ukishayaunganisha maneno na picha, yanageuka pikseli, na maneno ya Kiayalandi hayatulii mpaka siku ya mtambo. Lugha ina lahaja kuu tatu. "Hujambo" ya Munster ni Conas atá tú?, herufi, nafasi na alama 13. Ya Ulster ni Cad é mar atá tú?, 17, ya Connacht ni Cén chaoi a bhfuil tú?, 22. Mhariri akiamua kitabu kiseme Kikonnacht badala ya Kimunster, kiputo cha maneno ulichokipima kwa 13 kinapasuka. Anayejua umbali kati ya Kiunguja cha mjini na Kimakunduchi hatashangaa. Acha nafasi ya utulivu, yenye rangi nyepesi isiyo na michoro midogo, inayotosha hata lahaja iliyo ndefu kuliko zote.

Sababu ya pili ni ya pesa. Katika sensa ya 2022 ya Jamhuri ya Ayalandi, watu karibu milioni 1.87 walisema wanaweza kuzungumza Kiayalandi, lakini wanaokizungumza kila siku nje ya skuli hawakufika 72,000. Soko ni dogo, na kitabu cha picha cha rangi kamili ni ghali kuchapa. Ndiyo maana ruzuku ya Foras na Gaeilge, shirika la umma la kukuza Kiayalandi, ni uti wa mgongo wa wachapishaji wengi, na ndiyo maana kitabu kimoja huchapwa mara nyingi kwa lugha mbili au tatu katika mtambo mmoja. Ujanja wake ni huu: picha hutumia sahani nne za mtambo, moja kwa kila wino, na maneno yote hukaa kwenye sahani nyeusi tu. Kubadili lugha ni kubadili sahani moja. Ukiandika maneno meupe juu ya picha, au mekundu, au ukayachora ndani ya pikseli, sahani zote nne zinabadilika na hesabu inaharibika. Ubao wa duka, jina la mashua, kitabu anachokisoma mtoto kwenye picha: viache bila maandishi, au maandishi yawe kwenye tabaka lake peke yake.

Anayechora herufi kwa mkono, kwa mfano jina la jalada, basi azijue tabia zake. Kile kistari cha juu, fada, si pambo. Féar glas ni nyasi za kijani. Dondosha kistari, fear glas, umepata mwanamume wa kijani. Na usiandike kila kitu kwa herufi kubwa kibubusa. Herufi inayotangulizwa na sarufi hubaki ndogo hata neno zima likiwa kubwa: AN tSEACHTAIN, I nGAILLIMH. Mchoraji asiyejua huona kosa la chapa akalisahihisha, na hapo ndipo analiharibu. Ukiombwa mtindo wa zamani, ule wa Kigaeli, kumbuka kwamba nukta juu ya herufi ilifanya kazi inayofanywa leo na h, na herufi tisa huweza kuibeba: b, c, d, f, g, m, p, s, t. Fonti nyingi za mapambo zinazopatikana bure hazina nukta hizo. Jaribu zote tisa kabla ya kumwonyesha mtu.

Kwa hali ya hewa ya huku, iPad inaishinda karatasi kwa mbali, na wapenzi wa rangi za maji watusamehe. Masika karatasi ya gramu 300 huvimba, rangi haikauki mpaka jioni, na kazi ikikaa kabatini wiki tatu hutoa madoa ya ukungu. Bado hujatafuta skana ya A3. Lakini kifaa nacho kina joto lake: kimetengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 35 za selsiasi, na ukikaa nacho barazani mwezi wa Februari mwanga wa kioo hushuka wenyewe na chaji husita. Rangi unayoichagua wakati kioo kimejipunguza mwanga itakuwa ya uongo. Chora ndani, kwenye kivuli, mwanga ukiwa umeufunga kwenye kiwango kimoja, na ile hali ya kioo kugeuka njano jioni izimwe. Jasho la kiganja hukichanganya kioo. Glavu ya pamba ya vidole viwili inatosha. Kinga ya kioo yenye mkwaruzo hutoa hisia ya karatasi, ila husaga ncha ya kalamu, basi nunua pakiti ya ncha nne pamoja na kinga.

Umeme wa ZECO ukikatika, kifaa kilichojaa huenda saa kumi kwa matumizi mepesi, pungufu kwa kuchora. Benki ya chaji yenye nguvu ya kutosha ni sehemu ya vifaa, si anasa. Waliokuwepo Unguja kisiwa kilipokaa bila umeme, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa.

Faili zote hukaa ndani ya programu yenyewe. Ukiifuta programu umefuta kitabu, na faili lililofutwa kwenye orodha yake halina pipa la taka la kuokotea. Kila jioni toa nakala kwenye diski ya nje ya USB. Kutuma ni hesabu nyingine. Rasimu tuma JPEG ndogo, MB moja au mbili kila pacha, zinapita hata kwa simu. Kazi kamili, PSD yenye matabaka matatu huweza kupita MB 200, na pacha 14 ni karibu GB 3. Kwa bando la usiku, tuma pacha tatu tatu, si zote kwa mkupuo; muunganisho ukikatika kwenye asilimia 90 unaanza alifu. Majina ya faili yawe mafupi, bila nafasi na bila fada, kwa mfano 04-05.psd, kwa sababu á huweza kuhifadhiwa kwa namna mbili na kompyuta ya upande wa pili isilitambue jina.

Ayalandi iko nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili kiangazi chao. Ofisi yao ikifunguliwa saa tatu asubuhi, huku ni saa sita mchana au saa tano. Ulichokituma alfajiri kitakuwa kimefika chote kabla mhariri hajavua koti.